Rangi ya Gari Haioti Tena: Namna ya Kuondoa Madoa Sugu

Miaka ya 1890 kunguru wa India waliletwa Zanzibar ili wasaidie kusafisha mji kwa kula taka. Wakazaana, wakavuka bahari hadi Bara, na leo ni vigumu kumpata mwenye gari wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa ambaye hajakuta kinyesi chao kwenye boneti. Gari limelala chini ya mwarobaini usiku kucha; asubuhi lina mabaka meupe yaliyokwisha kukauka. Mwenyewe ana haraka ya kuiwahi foleni, anachomoa kitambaa kikavu chini ya kiti, anasugua kwa nguvu, anaondoka. Baka limetoka. Jioni jua linapopiga upande, pale pale panaonekana duara lililofifia na mikwaruzo myembamba inayozunguka.

Mikwaruzo ile haikuletwa na kunguru. Imeletwa na kitambaa, na ndivyo ilivyo kwa madoa mengi ya gari: doa hugusa sehemu ndogo, mkono unaoliondoa ndio unaoharibu pakubwa. Lami, utomvu, saruji, chumvi ya maji ya kisima na chembe za chuma kila kimoja kina kitu kinachokilainisha bila kuidhuru rangi. Shida huanza pale dawa ya doa moja inapopakwa kwenye jingine, au nguvu inapotumika mahali palipohitaji dakika kumi za kusubiri.

Sababu ya kuwa mwangalifu hivyo iko kwenye unene wa rangi yenyewe. Gari lililopakwa rangi kiwandani lina tabaka kadhaa juu ya bati: kinga ya kutu, praima, rangi inayoonekana, na juu kabisa vanishi angavu ambayo mafundi huiita klia. Zote kwa pamoja kwa kawaida huwa kati ya mikroni 100 na 150, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Klia peke yake huwa mikroni 40 hivi, pengine 50. Karatasi ya kawaida ya kuchapishia ina mikroni kama 100, kwa hiyo kinachong'aa juu ya gari hakizidi nusu ya unene wa karatasi. Humo humo ndimo ilimo kinga dhidi ya miale mikali ya jua. Kila mara polishi ya kukata inapopita, kiasi fulani huondoka na hakirudi. Magari yenye paa na boneti zilizobabuka na kuacha mabaka meupe, ambayo yamejaa barabarani, ni magari ambayo klia yake imekwisha, ama kwa jua, ama kwa kusuguliwa mno, ama kwa vyote viwili.

Kuna jambo jingine la kulijua kabla ya kugusa chochote, nalo ni kama rangi hiyo ni ya kiwandani au ilipigwa gereji. Rangi za kisasa za kuchanganya na hadina zikishakauka vizuri huwa ngumu na huvumilia spiriti na mafuta ya taa. Rangi ya zamani ya selulosi, ile inayoitwa duko, haina uvumilivu huo. Duko ilianza kutumika kwenye magari ya Marekani mwaka 1923, ikapendwa kwa sababu ilikauka haraka kuliko rangi zote zilizoitangulia, na bado gereji nyingi za Afrika Mashariki huitumia kwa kuwa ni rahisi. Lakini duko huyeyuka tena ikikutana na thina, hata baada ya miaka mingi. Njia ya kuipima ni kutia thina kidogo kwenye pamba na kuigusisha mahali pasipoonekana, kwa mfano kwenye fremu ya mlango kwa ndani, au chini ya buti. Pamba ikitoka na rangi, thina isikaribishwe tena kwenye gari hilo, na hata spiriti itumike kwa kuonja tu. Gari lililotoka kupigwa rangi, ya aina yoyote ile, liachwe miezi miwili bila kemikali yoyote isipokuwa maji na shampuu. Rangi ikishikika kwa mkono siyo kwamba imekwisha kukomaa ndani.

Baada ya hapo ni kuosha, na kuosha kwenyewe ni kazi yenye ufundi wake. Gari lioshwe kivulini, bati likiwa limepoa. Boneti nyeusi iliyoanikwa kwenye jua la mchana hupita nyuzi joto 60 bila taabu. Maji hukauka kabla hayajafutwa na sabuni hugeuka kuwa doa jipya. Vumbi litolewe kwanza kwa maji mengi yanayomiminika kutoka juu kwenda chini, kabla kitambaa chochote hakijagusa rangi. Udongo mwekundu wa Singida, Iringa au Machakos una chembe za mchanga ndani yake, na kitambaa kikavu kikipita juu yake kinafanya kazi ya msasa. Wengi huosha kwa sabuni ya unga ya kufulia kwa sababu inatoa povu na ni rahisi kuipata. Sabuni hiyo ilitengenezwa kung'oa mafuta kwenye nguo. Kwenye gari inang'oa nta yote ya kinga, na chembe zisizoyeyuka hukwaruza. Kofia moja ya shampuu ya gari kwenye ndoo ya maji inatosha. Ndoo ziwe mbili, moja ya maji ya shampuu na nyingine ya kusuuzia kitambaa kila kinapotoka kwenye gari, la sivyo mchanga wa mlango wa chini utapakwa kwenye boneti.

Gari likiwa safi na limekaushwa, ndipo doa linaweza kusomwa. Mkono ukivishwa nailoni nyepesi, kama ile inayofungia mkate, na kupitishwa taratibu juu ya bati, vidole huhisi vijipele ambavyo ngozi tupu isingevitambua. Kikiwa na mwinuko, kitu kimekaa juu ya rangi na kinaweza kutolewa. Pakiwa na bonde, rangi imekwisha kuliwa. Mikwaruzo nayo hupimwa kwa ukucha: ukipita bila kukwama, polishi inaweza kuiondoa, ukinasa, mkwaruzo umepita kina ambacho polishi inapaswa kufika, na kuukimbiza hadi mwisho ni kuimaliza klia.

Kinyesi cha ndege kina asidi ya mkojo, lakini asidi siyo tatizo lake lote. Watengenezaji wa Kiingereza wa bidhaa za magari, Autoglym, walionyesha kwamba joto la mchana hulainisha klia na kuitanua; inapopoa jioni inajikaza upya na kujichora kwa umbo la kinyesi kilichokauka juu yake. Ndiyo maana doa la saa sita mchana ni baya kuliko la usiku, na lililokaa siku tatu huacha alama hata likitolewa kwa ustadi. Ndani yake mna pia mbegu na mchanga. Dawa ni kitambaa kizito kilicholoweshwa kwa maji ya vuguvugu, kilazwe juu ya doa kwa dakika kumi, kisha kiinuliwe pamoja na uchafu wake bila kusugua. Kikibaki kidogo, kitambaa kiloweshwe upya na kilazwe tena. Madereva wa Kampala, na wa Nairobi wanaoegesha karibu na migunga ya eneo la Uwanja wa Nyayo, wana mtihani mkubwa zaidi, kwa kuwa korongo mla mizoga anayelala juu ya miti ile ni ndege mkubwa na alama yake hufunika nusu ya kioo. Hapo hakuna hila. Ni maji mengi siku hiyo hiyo.

Wadudu waliopondeka kwenye bampa na boneti baada ya safari ya usiku, hasa msimu wa kumbikumbi, hutolewa kwa njia ile ile. Gazeti lililoloweshwa na kubandikwa robo saa litafanya kazi ambayo waya wa kusugulia sufuria utaifanya kwa dakika moja na kuacha bampa limepauka milele.

Miti inahitaji maelezo zaidi. Mwembe hutoa utomvu mkali unaounguza hata ngozi ya mchumaji, na matone yake kwenye gari hugeuka ganda gumu la rangi ya kahawia. Ukiwa mbichi, maji ya vuguvugu na shampuu vinatosha. Ukishakauka, haupaswi kubanduliwa kwa kucha wala kisu. Spiriti ya dukani, ile ya bluu au nyeupe inayotumika kusafishia, itiwe kwenye pamba na kushikiliwa juu ya tone kwa nusu dakika. Ganda hulainika kingo kwanza, na pamba hulichukua kidogo kidogo. Kila pamba inapochafuka ibadilishwe, kwa sababu utomvu ulioyeyuka husambaa na kuwa utandu unaonata. Mahali hapo paoshwe na kupakwa nta upya, maana spiriti imeondoka na nta iliyokuwepo.

Zambarau na kungu ni habari nyingine. Popo hula usiku na kudondosha maganda na kinyesi chenye rangi, na kwenye gari jeupe huonekana kama wino uliomwagwa. Rangi ya tunda ikiwahiwa hutoka kwa shampuu. Ikichelewa huhitaji spiriti, na kivuli cha zambarau kinachobaki kwa kawaida hufifia chenyewe kwa jua la wiki chache. Hakuna haja ya kukifuata kwa polishi. Maua ya jakaranda ya Nairobi, yanayoangukia magari Oktoba na Novemba, yasiachwe yaoze kwenye boneti baada ya mvua.

Lami ndiyo inayowachosha wengi, hasa wanaoishi karibu na barabara inayotengenezwa. Nukta nyeusi hujipanga nyuma ya magurudumu, kwenye sehemu ya chini ya milango na kwenye madigadi. Maji na sabuni haviziathiri hata kidogo, na hapo ndipo mtu anapokimbilia brashi. Lami ni mabaki mazito ya mafuta ghafi, na huyeyushwa na jamaa zake wepesi. Mafuta ya taa yanafanya kazi vizuri: kitambaa laini kiloweshwe kidogo, kishikiliwe juu ya nukta hadi ianze kutiririka rangi ya kahawia, kisha ifutwe mara moja kuelekea upande mmoja. Upande uliochafuka wa kitambaa usirudi kwenye rangi, kwa kuwa mawe madogo yaliyokuwa ndani ya lami sasa yamo kwenye kitambaa. Sehemu ikiisha, ioshwe kwa shampuu mara mbili ili mafuta yasibaki yakikusanya vumbi. Mafuta ya taa yasiachwe kwenye mipira ya milango, na kazi ifanyike mbali na jiko, sigara na mashine ya kuchomelea.

Petroli iachwe kabisa. Inayeyusha lami, ni kweli, lakini mvuke wake hushika moto kwa cheche ndogo sana, nayo huweza kulainisha rangi ya gereji kabla mtu hajatambua. Asiye na mafuta ya taa anaweza kutumia mafuta ya kupikia. Yanachukua muda mrefu, pengine saa nzima yakiwa yamepakwa na kuachwa, ila hayana hatari yoyote kwa rangi, na kwa gari lililopigwa duko ni chaguo bora kuliko yote.

Dar es Salaam, Nairobi na Kigali zinajengwa kila upande, na saruji hudondoka kwenye magari yanayoegeshwa chini ya majengo au kupita nyuma ya lori la zege. Saruji mbichi ina ukali wa magadi unaoweza kula rangi. Ioshwe papo hapo kwa maji mengi hata kama nguo za kazi zitalowa. Ikishakuwa jiwe, dawa yake ni asidi laini, na siki nyeupe ya jikoni ndiyo inayofaa. Kitambaa kilicholoweshwa siki kilazwe juu ya donge, kifunikwe kwa nailoni kisikauke, na kila baada ya dakika kumi donge lijaribiwe kwa kipande cha plastiki kama kadi ya simu ya zamani. Linakatika kwa vipande. Kazi inaweza kuchukua alasiri nzima kwa donge moja, nao ni muda unaostahili, kwa sababu ndani ya saruji kuna mchanga na kila msuguo wa haraka ni mkwaruzo. Chokaa ya ukuta inatoka kwa njia hiyo hiyo na kwa wepesi zaidi. Asidi ya betri na dawa za kusafishia choo, ambazo baadhi ya watu huzipendekeza kwa uhakika wa kutisha, hutafuna kromu na kuingia kwenye kingo za bati ambako kutu itaanzia; hazina nafasi kwenye gari.

Siki ni tiba pia ya pete nyeupe zinazoachwa na maji. Zanzibar na Mombasa zimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya visima vyake hubeba chokaa nyingi. Visima vingi vya Dar es Salaam navyo vina chumvi. Gari likioshwa kwa maji hayo na kuachwa likauke lenyewe juani, kila tone hukauka na kuacha pete ya madini. Siki na maji sawa kwa sawa, vipakwe kivulini, vikae dakika tatu au nne, visuuzwe vizuri. Pete zikiendelea kuonekana baada ya mara mbili, madini yamekwisha kuchimba klia na siki haina tena cha kufanya. Kinga ya tatizo hili ni taulo kavu ya maikrofaiba mara tu baada ya kusuuza. Wanaovuka kwa kivuko cha Kigamboni au Likoni wamwagie gari maji baridi siku hiyo hiyo, na hasa sehemu za chini.

Kuna doa moja linalowatia watu hofu bila sababu. Gari jeupe, mara nyingi Probox, IST au Noah inayofanya biashara, linaonekana kuwa na nukta nyingi za rangi ya machungwa, na mwenyewe anaamini bati limeoza kutoka ndani. Ukiulizia linapoegeshwa, jibu mara nyingi ni karibu na fundi wa kuchomelea mageti. Mashine ya kusaga chuma hurusha chembe zenye moto. Zinatua kwenye klia, zinajichimbia, na baada ya umande wa siku mbili zinapata kutu. Vumbi la breki hufanya hivyo hivyo karibu na magurudumu. Kutu hiyo ni ya chembe, siyo ya gari.

Kuzisugua ni kuziburuta juu ya rangi. Kuna dawa maalumu za kuyeyusha chuma, zenye kemikali ya thioglikoleti, ambazo hupuliziwa juu ya bati lililopoa na baada ya dakika chache hugeuka zambarau kila zinapokutana na chuma. Harufu yake ni mbaya sana, glavu ni za lazima, na haziruhusiwi kukaukia kwenye rangi. Zinapatikana kwenye maduka makubwa ya vipodozi vya magari, ingawa bei yake si ya kila mfuko. Baada ya dawa hizo, au bila hizo kwa asiyezimudu, unakuja udongo wa kusafishia rangi.

Udongo huu ni kipande cha plastiki laini kinachofinyangika, chenye unga mwembamba wa kukwangulia ndani yake. Mjapani Tadao Kodate ndiye aliyepata hataza yake nchini Marekani katika miaka ya 1990, na tangu hapo umekuwa kifaa cha kawaida cha wasafishaji wa magari duniani. Hukandwa ukawa bapa, sehemu ndogo ya bati hulowanishwa vizuri kwa maji ya shampuu, kisha udongo hupitishwa kwa uzito wa vidole tu, kwa mistari iliyonyooka. Mwanzoni husikika sauti ya kukwaruza na mkono huhisi ukinzani. Vyote vikiisha, sehemu hiyo imekuwa laini. Udongo hukunjwa mara kwa mara ili upande safi ugeuke nje. Ukianguka chini, hata mara moja, hautumiki tena kwenye gari, kwa sababu mchanga uliouokota hautoki. Huu ndio ununuzi mmoja ambao mwenye gari anayelijali anapaswa kuufanya kabla ya kununua polishi yoyote: kipande kimoja huhudumia gari kwa muda mrefu, na madoa mengi yanayopelekwa kwa mashine yangemalizwa na udongo.

Halafu kuna foleni. Bodaboda hupenya na kuacha mstari mweusi wa mpira wa mkono wa usukani. Geti la nyumbani huacha rangi ya kijani kwenye bampa. Jirani anarudi nyuma na kuacha weupe wa gari lake. Kinachoonekana kama mkwaruzo mbaya mara nyingi ni rangi ya kitu kingine iliyokaa juu. Palowanishwe kwa maji: mkwaruzo ukipotea wakati pamelowa na kurudi pakikauka, umeishia ndani ya klia. Ukionekana vile vile hata pakiwa na maji, na hasa ukionyesha kijivu cha praima au bati, umefika chini. Kwa rangi iliyokaa juu, pamba yenye spiriti hujaribiwa kwanza. Ikishindwa, polishi laini kwenye sponji, kwa mkono, kwa miduara midogo na mgandamizo wa wastani. Thina huja mwisho, kwenye rangi ya kiwandani pekee, kwenye ncha ya kitambaa, kwa sekunde chache, na maji yakiwa tayari pembeni.

Stika na mabango ya msimu wa kampeni huondolewa kwa joto. Mashine ya kukaushia nywele ikipitishwa kwa dakika mbili, gundi hulainika na karatasi huvutwa taratibu, ikiwa imelazwa karibu na bati. Gundi iliyobaki hutoka kwa mafuta ya kupikia au spiriti. Lakini baada ya miaka mingi ya stika, umbo lake linaweza kuendelea kuonekana, kwa kuwa rangi iliyofunikwa haikupauka pamoja na iliyozunguka. Hilo si doa, na hakuna kemikali ya kuliondoa.

Vimiminika viwili havisubiri utambuzi wowote. Mafuta ya breki huvimbisha rangi na kuibandua ndani ya muda mfupi, na asidi ya betri huacha alama isiyofutika. Fundi akivimwaga, wakati huo huo ni maji mengi, bila kufuta kwanza. Kwa asidi, magadi kidogo kwenye maji ya pili husaidia kuituliza. Na kwa wakazi wa Goma, wanaoishi chini ya Nyiragongo na Nyamulagira, majivu ya volkano yafuatwe kwa kanuni hiyo ya maji tele, kwani ndani yake mna vipande vya kioo cha asili ambavyo kitambaa kimoja kikavu kinatosha kuvigeuza msasa.

Dawa ya meno imesifiwa sana mitaani. Ina unga wa kukwangulia, kwa hiyo mkwaruzo mdogo unaweza kweli kuonekana umepungua, lakini unga huo ulipimwa kwa ajili ya meno na haulingani. Huacha ukungu ambao polishi halisi italazimika kuja kuusafisha. Soda nyeusi ina asidi ya fosforasi na sukari nyingi. Kwenye bolti yenye kutu inaweza kusaidia. Kwenye rangi inaacha kunata na hakuna kingine cha maana.

Mashine ya polishi ina mahali pake. Alama ya kinyesi iliyochimba kidogo, pete za maji zilizokomaa, mikwaruzo ya kitambaa iliyotanda gari zima, zote hizo ni kazi yake. Mwenye gari aangalie mambo machache kabla ya kukabidhi ufunguo. Fundi mwangalifu hubandika karatasi ya gundi kwenye kingo na kwenye mikunjo ya bati, kwa sababu huko klia ni nyembamba na mashine huila kwanza. Huanza na polishi laini kwenye eneo dogo, akatazama, ndipo anapoamua kama polishi ya kukata inahitajika. Haikazii mashine mahali pamoja hadi bati liwe la moto. Akiwa na kipimo cha unene wa rangi, hiyo ni dalili njema mno. Fundi anayeanza moja kwa moja na msasa wa maji namba 2000 kwa doa la maji ya kisima anastahili kuzuiwa kwa heshima, na gari liondoke. Desturi ya kupiga polishi ya kukata kila baada ya miezi michache ili gari "ling'ae kama jipya" ndiyo inayozeesha rangi nyingi kabla ya wakati wake.

Kati ya kuosha na polishi kuna nta, na watu huiruka kwa sababu haionekani ikifanya kazi. Nta ya kanauba, inayotoka kwenye majani ya mti wa Brazili wa jamii ya mnazi, au ile ya kutengenezwa viwandani, hufanya utandu ambao kinyesi, utomvu na lami hukaa juu yake kabla ya kuifikia klia. Inampa mwenye gari saa kadhaa za ziada. Kwenye jua la pwani ipakwe upya kila miezi miwili au mitatu, gari likiwa safi na kivulini. Maji yanapoacha kujikusanya matone na kuanza kutandaa juu ya boneti, imekwisha.

Yapo madoa ya kuachwa. Alama ndogo iliyochimba, isiyofika kwenye bati, ni salama kuliko klia iliyokonda kwa kuitafuta. Pale ambapo jiwe limechimba hadi chuma, hasa kwa gari linalolala karibu na bahari, hakuna kusubiri: palainishwe, pakaushwe, patiwe praima na tone la rangi inayolingana kabla kutu haijaingia chini ya rangi nzima. Namba ya rangi imeandikwa kwenye gari lenyewe. Kwa Toyota zilizotoka Japani hutafutwa kwenye kibati kilicho ndani ya boneti, kwenye mstari ulioandikwa C/TR: 040 ni nyeupe ya kawaida, 1F7 ni fedha, 202 ni nyeusi, 070 ni nyeupe ya lulu. Nyeupe hizo mbili huchanganywa sana na mafundi. Ya 040 ni rahisi kulinganisha. Ya 070 ina tabaka la lulu katikati, kati ya weupe wa chini na klia, na idadi ya mipulizo ya lulu hubadilisha mwonekano wake. Mlango mmoja ukipigwa peke yake bila rangi kufifishwa hadi kwenye madigadi ya jirani, tofauti huonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Fundi anayeijua kazi hupuliza kwanza kwenye kipande cha bati, akakiweka kando ya gari nje kwenye jua, akakiangalia kwa kukisimamia mbele na pembeni, na mwenye gari ana haki ya kukiona kipande hicho kabla mlango haujaguswa.